Oili ya Giaboksi: Wakati wa Kuibadili na Namna ya Kuepuka Hasara

Utangulizi

Wenye magari wengi wanajua kilomita walizobakiza kabla ya kubadili oili ya injini, kwa kuwa fundi huziandika kwenye kikaratasi na kukining'iniza karibu na usukani. Oili ya giaboksi haina kikaratasi. Hukaa humo miaka mingi bila kuulizwa, hadi siku gari linaposhtuka kila gia inapobadilika au linaposhindwa kupanda mlima uliolizoea. Siku hiyo mwenye gari hupewa ushauri unaopingana. Mmoja humwambia abadili oili mara moja. Wa pili humwonya kuwa akiibadili giaboksi itakufa. Wa tatu humhakikishia kuwa oili hiyo huwekwa kiwandani na haibadilishwi kamwe. Mara nyingi anayetoa ushauri ndiye pia anayeuza oili, anayefanya kazi hiyo au anayeuza giaboksi ya mtumba.

Tumeandaa somo hili ili mlaji awe na kipimo chake mwenyewe kabla ya kumsikiliza yeyote kati ya hao. Baada ya kulisoma utaweza kutambua aina ya giaboksi iliyo katika gari lako, kukadiria muda wa kubadili oili yake kulingana na matumizi, kununua oili inayostahili, kusimamia kazi katika gereji na kudai haki yako mambo yanapokwenda kombo. Hatukusudii kumgeuza msomaji kuwa fundi. Tunakusudia aweze kuuliza maswali ambayo fundi mwema atafurahi kuyajibu.

1. Kazi ya oili ndani ya giaboksi

Katika giaboksi ya kawaida ya kuingiza gia kwa mkono, oili ina kazi mbili kubwa: kulainisha meno ya gia na beringi, na kuondoa joto. Katika giaboksi ya otomatiki kazi huongezeka. Oili ndiyo inayopitisha nguvu ya injini ndani ya konveta, yaani kile chombo cha mviringo kilicho kati ya injini na giaboksi. Oili hiyo hiyo husukumwa na pampu kwa shinikizo ili kufunga na kufungua klachi za ndani, na kwa njia hiyo gia hubadilika. Aidha hulainisha, hupooza na kubeba vumbi la chuma na la klachi hadi kwenye filta na sumaku zilizomo ndani ya sampo.

Kwa hiyo oili ya giaboksi ya otomatiki si kilainishi tu, bali ni kiungo cha mashine. Ikiharibika, klachi hazibanwi ipasavyo. Zisipobanwa ipasavyo huteleza. Zikiteleza huzalisha joto, na joto huharibu oili zaidi. Mzunguko huo ukishaanza hauishi wenyewe.

Adui mkuu wa oili hii ni joto. Katika kazi ya kawaida oili ya otomatiki huwa kwenye nyuzi 80 hadi 95 za Selsiasi. Kanuni inayotumiwa sana na mafundi husema kuwa kila joto linapozidi hapo kwa takriban nyuzi 10, umri wa oili hupungua kwa nusu. Si kanuni ya kisheria wala haina usahihi wa maabara, lakini inaeleza kwa nini magari mawili ya mwaka mmoja na kilomita sawa yanaweza kuwa na oili zenye hali tofauti kabisa.

2. Tambua kwanza giaboksi yako

Kosa la gharama kubwa kuliko kuchelewa kubadili oili ni kuweka oili isiyo yake. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "ni lini?", uliza "ni giaboksi gani?" Magari yaliyo barabarani kwetu yana giaboksi za aina nne.

(a) Giaboksi ya mkono. Ina pedali ya klachi. Hutumia oili nzito ya gia, ambayo daraja lake huandikwa GL-4 au GL-5 pamoja na uzito, kwa mfano 75W-90. Daraja la juu si lazima liwe bora. Baadhi ya oili za GL-5 zina viongezo vya salfa vinavyoweza kula sehemu za shaba zinazosaidia gia kuingia kwa ulaini. Kama kitabu cha gari kinataka GL-4, weka GL-4.

(b) Giaboksi ya otomatiki ya kawaida. Ina konveta na klachi za ndani, na gari huhisiwa linapobadili gia. Hutumia oili nyepesi ambayo wengi tunaiita haidroliki. Hata hivyo haidroliki si moja. Toyota pekee ina oili ya Type T-IV kwa magari ya zamani na WS kwa mapya zaidi. WS ni nyepesi kuliko T-IV, na moja haichukui nafasi ya nyingine. Nissan wana Matic-D, Matic-J na Matic-S. Honda walitumia ATF-Z1, ambayo baadaye nafasi yake ilichukuliwa na DW-1. Mitsubishi wana SP-III.

(c) Giaboksi ya CVT. Haina gia za hatua kwa hatua. Ndani yake mna mkanda au mnyororo wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazojipanua na kujibana. Nguvu yote ya gari hupita pale chuma kinapogusana na chuma, na oili ndiyo inayozuia visagane na wakati huo huo kuzuia visiteleze. Haidroliki ya kawaida haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Oili za CVT zina majina yake: NS-2 na NS-3 kwa Nissan, TC na FE kwa Toyota, HMMF na HCF-2 kwa Honda.

(d) Giaboksi ya klachi mbili. Hupatikana zaidi katika magari ya Ulaya, na katika baadhi ya magari mseto ya Kijapani. Baadhi yake klachi huzama katika oili na nyingine klachi ni kavu. Masharti ya aina hizi hutofautiana, na hapa kitabu cha gari hakina mbadala.

Jina la gari halitoshi kukuambia aina ya giaboksi. Toyota IST ya kizazi cha kwanza, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2002, ina otomatiki ya kawaida ya kasi nne. Katika kizazi cha pili, kilichoanza mwaka 2007, yamo magari yenye CVT. Watu wawili wanaweza kuegesha IST mbili kwenye gereji moja, na oili ya mmoja ikawa sumu kwa gari la mwenzake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja ana Nissan X-Trail ya mwaka 2010 yenye CVT. Anaipeleka kwa fundi wa jirani, anaomba "haidroliki ibadilishwe", na fundi anaweka haidroliki nyekundu aliyonayo dukani. Gari linatoka likiwa zima. Baada ya siku chache linaanza kutoa mlio mwembamba, kisha injini inanguruma bila mwendo kuongezeka. Fundi anasema giaboksi ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Mwenye gari anasema ilikuwa nzima. Bila maandishi ya oili gani iliwekwa, hakuna kati yao anayeweza kuthibitisha. Mama huyu hakuchelewa kubadili oili, bali aliomba kitu ambacho gari lake halitumii.

Aina ya giaboksi na oili yake huandikwa katika kitabu cha gari, wakati mwingine juu ya kijiti cha kupimia, na mara nyingi katika kibandiko kilicho sehemu ya injini au kwenye nguzo ya mlango. Kama kitabu kiko kwa Kijapani, herufi za Kilatini kama "ATF WS" au "NS-2" huandikwa vilevile na zinasomeka. Kama hakuna kitabu, namba ya chesisi ikipelekwa kwa muuzaji wa vipuri mwenye katalogi ya mtengenezaji itaonyesha giaboksi halisi ya gari hilo.

3. Ni lini?

Jibu la kwanza ni kitabu cha gari. Hata hivyo kitabu huwa na ratiba mbili: ya matumizi ya kawaida na ya matumizi magumu. Wengi husoma ya kwanza, ilhali maisha yao yamo katika ya pili. Watengenezaji huhesabu kuwa matumizi magumu mambo kama haya:

– safari fupi fupi za mara kwa mara;
– kusimama na kuondoka kwa muda mrefu katika foleni;
– barabara za vumbi au mbovu;
– kupanda milima mara nyingi, au kuvuta tela na kubeba mizigo mizito;
– joto kali la mazingira;
– kazi ya teksi au ya kusambaza mizigo.

Mkazi wa Dar es Salaam anayepita foleni asubuhi na jioni katika joto la pwani ametimiza masharti mawili bila kutafuta. Anayepanda Kitonga kila wiki akiwa na mzigo ametimiza mengine. Kwa walaji wetu wengi, ratiba ya matumizi magumu ndiyo yao.

Pale ambapo kitabu hakipo, makadirio yafuatayo ni ya tahadhari kwa matumizi magumu. Hayachukui nafasi ya kitabu, na kitabu kikisema mapema zaidi, kitabu kifuatwe.

Otomatiki ya kawaida: kilomita 60,000 hadi 80,000.
CVT: kilomita 40,000 hadi 60,000.
Giaboksi ya mkono: kilomita 60,000 hadi 100,000.
Klachi mbili zilizozama katika oili: kilomita 60,000, kama ilivyo kwa baadhi ya magari ya Volkswagen.

Kilomita pekee hazitoshi. Gari linalokwenda kilomita 40,000 kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa limefanya kazi kwa takriban saa 667. Gari jingine likizimaliza kilomita hizo hizo katika foleni, kwa wastani wa kilomita 15 kwa saa, limefanya kazi kwa takriban saa 2,667, mara nne zaidi, tena katika joto ambalo upepo wa mwendo hauliondoi. Ndiyo maana gari la foleni hupewa kiwango cha chini cha kadirio, na gari la safari ndefu tambarare linaweza kusogea kwenye kiwango cha juu.

Sasa tubadili kilomita kuwa miezi. Mwalimu anayeendesha kilomita 40 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, hufikisha kilomita 1,000 kwa mwezi. Akiwa na CVT na akifuata kiwango cha kilomita 40,000, atabadili oili baada ya miezi 40, yaani miaka mitatu na miezi minne. Dereva wa teksi mwenye gari la aina hiyo hiyo, anayeendesha kilomita 150 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hufikisha kilomita 3,900 kwa mwezi. Yeye atafika kilomita 40,000 baada ya takriban miezi kumi. Akimsikia mwalimu akisema "mimi hubadili kila baada ya miaka mitatu" na kumwiga, atakuwa amepitisha zaidi ya kilomita 140,000 kwa oili moja. Gari ndilo linalomlisha. Hesabu hii kwake ni hesabu ya mtaji.

Kuhusu oili "ya maisha yote"

Baadhi ya watengenezaji wa magari huandika kuwa oili ya giaboksi haihitaji kubadilishwa katika matumizi ya kawaida. Msomaji auangalie mfano wa ZF, kampuni ya Ujerumani inayotengeneza giaboksi za magari ya BMW, Land Rover na mengine. Wapo watengenezaji wa magari wanaoieleza oili ya giaboksi hizo kuwa ni ya maisha yote, lakini ZF yenyewe hupendekeza ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au baada ya miaka minane kwa kuchelewa kabisa, kutegemea uendeshaji. "Maisha yote" ni neno la kupimwa na anayenunua gari likiwa tayari limeishi miaka kumi mikononi mwa mtu mwingine.

Mfano huo unatufundisha pia kuwa oili huchakaa kwa umri. Gari linaloendeshwa Jumapili tu halipaswi kusahauliwa kwa sababu kilomita zake ni chache.

4. Gari la mtumba lisilo na historia

Magari mengi tunayonunua yametumika nje ya nchi kabla ya kufika bandarini. Dashibodi huonyesha kilomita, lakini kilomita hizo zinaweza kurudishwa nyuma, na haziseme lolote kuhusu oili. Tafuta kwanza kumbukumbu: kibandiko cha gereji kwenye mlango au chini ya boneti, daftari la matengenezo, cheti cha mnada kinachoonyesha kilomita za siku ya mauzo.

Kumbukumbu zisipopatikana, usikimbilie kubadili oili siku unapotoa gari bandarini. Fanya ukaguzi kwanza. Fundi apime kiasi cha oili, aangalie hali yake, asome misimbo ya hitilafu kwa mashine, kisha aliendeshe gari hadi lipate joto. Giaboksi ikifanya kazi vizuri, badili oili na uanze hesabu yako mwenyewe kuanzia kilomita hizo. Giaboksi ikiteleza au kushtuka, soma sehemu ya 6 kabla ya kutoa fedha.

5. Kupima oili na kusoma dalili

Kama giaboksi ina kijiti cha kupimia, fuata utaratibu wa mtengenezaji, kwa sababu hautofautiani kidogo. Kwa magari mengi ya Toyota na Nissan yenye kijiti, gari huwa mahali tambarare, giaboksi imepata joto, na injini inanguruma. Lever ya gia hupitishwa katika nafasi zote na kurudishwa P, ndipo oili ikapimwa. Kwa Honda nyingi, injini huzimwa kwanza na oili hupimwa ndani ya dakika moja au moja na nusu. Anayepima Honda kwa utaratibu wa Toyota atapata jibu lisilo sahihi.

Magari mengi mapya hayana kijiti. Oili hupimwa kwa kufungua plagi maalumu chini ya giaboksi wakati oili ikiwa katika joto lililotajwa. Kwa giaboksi kadhaa za Toyota zinazotumia WS, joto hilo ni kati ya nyuzi 35 na 45. Fundi asiye na kifaa cha kusoma joto hilo anakisia. Oili ikipungua, pampu huvuta hewa. Ikizidi, huchapwa na vyuma vinavyozunguka na kutoa povu. Hali zote mbili hupunguza shinikizo.

Rangi ni shahidi dhaifu. Haidroliki nyingi huwa nyekundu zikiwa mpya, lakini oili nyingi za CVT ni za kijani, bluu au manjano, na zipo oili nzuri zinazofifia mapema bila kuharibika. Zipo dalili zenye uzito zaidi:

– harufu ya kuungua, au oili nyeusi yenye chembechembe;
– oili yenye rangi ya maziwa, inayoashiria kuwa maji yameingia, pengine kupitia rejeta iliyotoboka ndani;
– gari kuchelewa kuondoka baada ya kuweka D au R;
– injini kupanda mzunguko bila mwendo kuongezeka;
– gari kushtuka gia zinapobadilika, au CVT kutetemeka kwenye mwendo mdogo;
– doa la oili chini ya gari kila asubuhi.

Oili ya rangi ya maziwa si ya kusubiri. Simamisha gari, livutwe, na chanzo cha maji kizibwe kabla ya oili mpya kuingia. Mwambie anayelivuta kuwa magurudumu yanayoendeshwa na injini yainuliwe kutoka barabarani, kwa maana injini ikiwa imezimwa pampu ya giaboksi haipelekei vyuma oili.

6. Je, kubadili oili huua giaboksi?

Imani hii imeenea, na haikuzuka bila sababu. Ziko hali tatu zinazoizaa.

Kwanza, wengi hubadili oili wakiwa wameshachelewa. Klachi za ndani zimeshalika, giaboksi imeanza kuteleza, na oili mpya huwekwa kama dawa ya mwisho. Giaboksi ikifa wiki mbili baadaye, lawama huangukia oili, ilhali kuteleza ndiko kulikotangulia.

Pili, oili iliyowekwa si yake, kama tulivyoona katika mfano wa X-Trail.

Tatu, giaboksi yenye uchafu mwingi husafishwa kwa mashine ya shinikizo kubwa. Uchafu uliotulia husukumwa hadi kwenye vijitundu vya vali na kuviziba.

Hitimisho letu ni hili. Giaboksi inayofanya kazi vizuri, hata kama ina kilomita nyingi, ibadilishwe oili kwa kumwaga na kujaza, kwa oili sahihi. Giaboksi inayoteleza ipimwe kwanza. Oili mpya hairudishi klachi iliyolika, na fundi anayekuahidi hivyo anakuuzia matumaini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Lakini ukuta ukishaanguka, kuziba ufa hakusaidii.

Msomaji ajue pia kuwa kumwaga na kujaza mara moja hakubadili oili yote. Sehemu kubwa hubaki ndani ya konveta na mirija. Chukua giaboksi yenye jumla ya lita 7.5 ambayo plagi yake hutoa lita 3. Mara ya kwanza, asilimia 40 ya oili huwa mpya. Ukirudia baada ya kuendesha kidogo, mpya hufika asilimia 64. Mara ya tatu, takriban asilimia 78. Kwa gari lililochelewa sana, kurudia mara mbili au tatu ni njia ya upole. Kwa gari linalofuata ratiba, mara moja kila muda unapofika hutosha. Fundi anayemwaga lita 3 na kukutoza bei ya lita 8 aulizwe lita 5 zimeingia wapi.

7. Kununua oili sahihi

Soma nyuma ya galoni, usiishie mbele. Mbele kuna picha na maneno ya sifa; nyuma kuna orodha ya viwango. Tafuta jina kamili la kiwango kinachotajwa na kitabu chako. Tofautisha kauli mbili. "Imeidhinishwa" maana yake mtengenezaji wa gari ameipima na kuikubali. "Inafaa kwa matumizi ya" ni kauli ya mtengenezaji wa oili mwenyewe. Kauli ya pili inaweza kuwa ya kweli, lakini dhamana yake ni jina la kampuni iliyoitoa.

Mfano mzuri ni maandishi "Dexron III". Kampuni ya General Motors iliacha kutoa leseni za kiwango hicho mwishoni mwa mwaka 2006. Galoni inayouzwa leo kwa jina hilo haina leseni ya General Motors nyuma yake. Ina neno la muuzaji tu. Yapo magari ya zamani yanayoweza kuitumia, lakini si jina la kuaminiwa kwa macho.

Kabla ya kulipa, kagua kifuniko na mkanda wake wa usalama, namba ya toleo, tarehe, na jina na anwani ya mtengenezaji au mwagizaji. Maandishi yenye makosa ya herufi, lebo inayobanduka na bei iliyo chini mno kuliko maduka mengine ni sababu ya kuondoka. Usinunue oili ya giaboksi inayopimwa kutoka kwenye pipa lisilo na lebo. Galoni tupu usiiache gereji ikiwa nzima. Itoboe, kwa kuwa galoni halisi ndiyo malighafi ya muuza bandia.

8. Siku ya kazi

Kabla ya gari kuinuliwa, kubaliana na fundi kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu: aina ya oili, idadi ya lita, kama filta na gasketi ya sampo vitabadilishwa, na bei ya kila kimoja.

Wakati wa kazi, uwepo au mtume unayemwamini. Fundi afungue plagi ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Plagi ya kujazia ikigoma kufunguka baada ya oili kumwagwa, gari haliondoki hapo. Galoni zifunguliwe mbele yako. Oili iliyotoka ipimwe kwa chombo chenye alama, kwa maana kiasi kilichotoka ndicho cha kuanzia kurudishia. Sumaku za sampo ziangaliwe: vumbi laini la kijivu ni la kawaida, vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole si vya kawaida. Katika baadhi ya magari ya CVT na ya klachi mbili, kompyuta ya giaboksi huhitaji kurekebishwa kwa mashine baada ya kazi. Uliza kabla, usije ukaambiwa baada.

Oili chafu isimwagwe mtaroni wala ardhini. Ikusanywe katika chombo kilichofungwa na ikabidhiwe kwa mkusanyaji mwenye kibali.

9. Haki zako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji katika biashara. Anayekuuzia haidroliki ya kawaida akidai ni oili ya CVT amegusa katazo hilo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo humlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi anayotaka bidhaa ifanye na akategemea ujuzi wake: bidhaa inapaswa kufaa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo usiombe tu "oili ya giaboksi". Sema, na ikiwezekana andika: "Nahitaji oili ya giaboksi ya gari hili, namba ya chesisi ni hii." Sentensi hiyo ina uzito wa kisheria.

Dai risiti ya kielektroniki, na uombe aina ya oili na idadi ya lita viandikwe. Hitilafu ikitokea, usimruhusu mtu kumwaga oili hiyo kabla sampuli haijahifadhiwa katika chupa safi. Mweleze muuzaji au fundi kwa maandishi na mpe muda wa kurekebisha. Akikataa, malalamiko ya udanganyifu na bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani, na ya ubora wa bidhaa hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania. Nenda na risiti, picha za galoni, ujumbe mliokubaliana na sampuli.

10. Maswali ya kujipima

Swali la 1. Gari lako la CVT lina kilomita 38,000 tangu ulipobadili oili, nalo hutumika mjini kila siku. Ufanye nini?
Jibu: Anza kutafuta oili yenye jina linalotajwa katika kitabu, na upange kazi hiyo kabla ya kilomita 40,000.

Swali la 2. Gari la otomatiki linateleza gia ya pili ikiingia. Fundi anashauri kubadili oili tu. Ukubali?
Jibu: Hapana, si kabla ya vipimo. Kiasi cha oili na misimbo ya hitilafu viangaliwe kwanza.

Swali la 3. Oili iliyotoka ni lita 3 na iliyowekwa ni lita 3. Je, oili yote ni mpya?
Jibu: Hapana. Sehemu imebaki katika konveta. Iandike katika kumbukumbu kuwa ni kubadili kwa sehemu.

Kumbukumbu ya kuweka ndani ya gari

Nakili mistari ifuatayo katika daftari, ijaze kila mara oili inapobadilishwa, na umkabidhi atakayelinunua gari baada yako.

Namba ya chesisi:
Aina ya giaboksi:
Jina la oili na kiwango chake:
Lita zilizotoka / zilizowekwa:
Filta na gasketi (ndiyo / hapana):
Tarehe na kilomita:
Kilomita au tarehe ya kubadili tena, kinachotangulia:
Namba ya risiti na jina la gereji: